Klachi Inayoshika Mapema

Tarehe 4 Machi, mwaka wa thelathini na mmoja tangu niondoke

Mdogo wangu,

Kila mwaka tarehe hii huwa naipita kimyakimya, kama mtu anayepita mbele ya nyumba yenye mbwa. Mwaka huu nakuandikia, kwa sababu jana ofisi ya wageni iliniita. Nilikwenda nimejiandaa kwa ile kawaida yao: keti, subiri, njoo mwezi ujao. Badala yake karani akaniambia kwamba yale majina ya waliokatazwa kurudi nyumbani, yaliyosomwa redioni mwaka ule, yamefutwa, na langu limo. Yeyote kati yetu anaweza kurudi, mradi awe na nyumba ya kurudia. Nikamwomba arudie. Akarudia. Nikamwomba tena. Akacheka: "Mzee, masikio yako yana nini?" Nikamjibu kwamba masikio ni kazi ya mdogo wangu, mimi ni mkono tu.

Hakuelewa, naye ana haki. Hata jirani yangu wa chumba cha pili, mwalimu mstaafu, ameniuliza sasa hivi hiyo klachi ninayoisema kila siku ni kitu gani. Nimemwambia hivi: klachi ya kigari kidogo cha mashindano haina pedali. Ndani yake kuna vipande vya chuma vinavyotaka kutawanyika kadiri injini inavyozunguka, na springi sita zinazovizuia. Springi zikishindwa, vipande vinaishika ngoma ya klachi na gari linaondoka. Kwa hiyo ufundi wote ni kuamua springi zishindwe lini. Ukizibana kwa skrubu zinachelewa kushindwa, injini inapanda kwanza ndipo klachi inashika. Ukizilegeza, klachi inashika mapema na gari linaondoka likikohoa. Hilo hata yule dereva wetu Haraka alilijua, na Haraka hakujua hata njia ya kufika wa pili kutoka mwisho.

Mwalimu akauliza, "Sasa mnajuaje mmefika?" Nikamwambia: mimi nilikuwa napiga skrubu robo mzunguko, zote sita sawasawa, kisha mdogo wangu anakaa kwenye tairi kuukuu pale gari linapotoka kwenye kona, amefumba macho. Klachi ikishika anainua kidole. Kidole kikienda juu kabla ya wakati, nakaza. Kikichelewa, nalegeza. Mafundi wengine walikuwa na vipimo vya saa na sindano. Sisi tulikuwa na kidole chako.

Nataka kurudi kwenye kazi hiyo. Si kwa mashindano, najua umri wetu. Ishushe ile injini ndogo kutoka darini, uifute, uiweke kwenye meza ya Mama ya kufulia, ile iliyogeuka meza ya gereji akagomba mpaka akachoka. Tutairekebisha klachi yake, wewe na mimi, tuisikie ikishika sawa mara moja. Baada ya hapo nitakaa kimya popote mtakaponiweka.

Wanachotaka ofisini ni barua yako tu kwamba nyumba ya Mama ipo na nina pa kulala. Mkono wa shemeji naubusu.

Kaka yako,
Mkono


Tarehe 11 Aprili

Kaka Mkono,

Barua yako nimeisoma, mke wangu akaisoma, kisha nikamnyang'anya nikaisoma tena. Mwandiko wako umenyooka siku hizi. Zamani ulikuwa unaandika kama kuku aliyekanyaga grisi. Naona ugeni umekutuliza.

Usikate tiketi kwanza. Injini nimeishusha kama ulivyosema, nikaifuta, nikaiwasha. Sasa kuna jambo. Nilizikaza springi zote sita, robo mzunguko kila moja, na klachi ikashika mapema. Nikakaza tena robo nyingine. Ikashika mapema zaidi.

Nimekuandikia kama lilivyo. Wewe ni fundi, huhitaji kuelezwa maana yake. Lisome polepole, kisha unijibu kama bado unataka kuja.

Shemeji yako anasema nyinyi wanaume wawili mngeoa springi, yeye akapata kulala kwa amani.

Mdogo wako,
Sikio


Tarehe 2 Mei

Mdogo wangu,

Umenishtua, kisha umenifurahisha. Klachi yenye maradhi ni heri kuliko klachi iliyokufa.

Nimelifikiria wiki nzima, kazini na njiani. (Kazi yangu bado ni ile ile, kunoa visu vya mashine za kukatia majani kwenye chumba cha chini chenye dirisha lililo sawa na miguu ya wapita njia. Nawajua watu wa mji huu kwa viatu.) Klachi yenye springi zilizokazwa haiwezi kushika mapema, hilo tunakubaliana. Basi hizo springi si springi tena. Zimekaa darini miaka yote hiyo kwenye joto na unyevu, zimepoteza ukali. Ukizikaza zinajikunja tu na hazirudi. Fanya hivi: zitoe zote, zipange mezani, uzipime urefu. Iliyo fupi kuliko wenzake ndiyo mwongo. Usichanganye ya zamani na mpya, maana moja dhaifu huwavuta wenzake, kipande chake kinatoka kabla ya vingine na klachi inashika upande mmoja.

Halafu samahani kwa swali hili. Hukugeuza upande wa skrubu? Unakumbuka Haraka alivyokaza klachi siku nzima kumbe anailegeza, mpaka gari likaanza kutembea lenyewe kuelekea kwa muuza chai? Yule mama alimwagia kigari maji ya moto akisema ni shetani.

Na acha injini ipoe kati ya jaribio na jaribio. Klachi yenye joto husema uongo.

Nimemwambia mwenye nyumba kwamba mwisho wa mwaka namwachia chumba. Alisikitika, au alijifanya. Ile barua ya makao hukuitaja. Najua una shughuli, lakini bila hiyo hawanipi hati ya safari.

Kaka yako,
Mkono


Tarehe 9 Juni

Kaka,

Nimefanya yote. Nimepima, nimepoza, nimegeuza skrubu kulia na kushoto. Mwisho nikazitoa springi zote sita nikaziweka kwenye kikombe. Klachi haina hata springi moja ndani. Nikawasha. Injini ikapanda mpaka ikalia kama mtoto, na klachi haikushika kabisa. Gari halikusogea.

Umelielewa hilo? Hakuna springi ya kuvizuia vile vipande, na havikutoka.

Sijui nikwambie vipi zaidi ya hapo. Wewe ndiye uliyenifundisha.

Mdogo wako,
Sikio


Tarehe 1 Julai

Mdogo wangu,

Barua yako niliisomea ngazini, sikuweza kungoja nifike chumbani. Nimeisoma tena kwa mwalimu, naye ambaye hajawahi kuiona klachi maishani akaniuliza, "Kama kinachovizuia kimeondolewa, kwa nini havitoki?" Nikamwambia ngoja, ziko sababu.

Ziko. Mafuta yamevuja kutoka kwenye injini yakaingia klachi. Vipande vinatoka lakini vinateleza kwenye ngoma kama mtu anayekimbia kwenye sabuni. Au ngoma imepanuka. Au kutu imevigandisha vipande mahali pake, na hii ndiyo naiamini, maana ingeeleza pia ile habari yako ya mwanzo, karibu yote. Loweka kila kitu kwenye mafuta ya taa, sugua kwa msasa laini, usiguse uso wa ngoma kwa vidole.

Sikutaka ungoje. Nimetafuta duka la vipuri vya vigari, liko mwisho kabisa wa mji, nimebadilisha basi mara tatu. Kijana wa dukani akaniuliza ni za mjukuu? Nikasema ni za mdogo wangu, akatabasamu kwa adabu. Springi sita mpya, za familia moja, nimezifunga kwenye karatasi ya mafuta, zinakuja na kifurushi. Ziweke. Skrubu zianzie pale kichwa kinapokuwa sawa na uso wa chuma, kisha robo, kisha usikilize.

Na safari hii usiniandikie ilishika lini. Niandikie ulichosikia. Zamani ulikuwa ukisema klachi iliyo sawa inafunga kama mlango wa kabati la Mama: si kishindo, si kimya, ni "tup". Niambie kama umesikia "tup". Hiyo tu.

Barua ya makao, tafadhali. Karani anasema faili langu halitangojea mwaka ujao.

Kaka yako,
Mkono


Tarehe 3 Agosti

Shemeji,

Salamu za hapa ni nzima, za huko nakuombea. Naandika bila ruhusa ya mume wangu, naye yuko upande wa pili wa pazia anakunja nguo. Nikipiga hata sufuria chini hatageuka, kwa hiyo sina wasiwasi.

Kifurushi kimefika. Amekifungua kitandani, akazipanga zile springi sita juu ya shuka, akazitazama tangu chai ya asubuhi mpaka chakula cha mchana. Kisha akaniambia, "Kaka hataki kuelewa." Nikamwambia, "Basi mwambie kwa Kiswahili." Akasema, "Nimemwambia kwa lugha yake mara mbili."

Shemeji, mimi klachi siijui, miaka yote hii nimeosha tu mikono na mashati yake. Lakini nakijua kitu kimoja: mume wangu hakuwahi kukosea habari ya springi, hata akiwa na homa, hata akiwa amelala. Aliwahi kumkosoa fundi mmoja katika ndoto. Zichukue barua zake mbili uzisome upya, siyo kama mgonjwa anayesoma karatasi ya dawa. Zisome kama fundi.

Na umsamehe. Nimemwambia akuandikie. Asipoandika nitaandika mimi, na mimi sijui kupunguza makali.

Shemeji yako


Tarehe 10 Agosti

Kaka,

Hakuna injini.

Hakuna dari ya kuishushia, wala meza ya kuiwekea. Uwanja wa mashindano ulifungwa kwanza. Tulikaa na gereji tukitengeneza pikipiki na mashine za kusaga. Halafu ukaja mpango wa kupanua barabara, wakapita wakichora alama nyekundu kwenye kuta. Yetu waliichora juu ya ile sehemu Mama alipokuwa akitupima urefu. Mashine ya kubomoa ilikuja asubuhi, na kabla ya adhuhuri nyumba na gereji vilikuwa rundo moja, huwezi kusema jiko liko wapi na kabati liko wapi. Sasa pale ni njia ya waendao kwa haraka. Haraka angefurahi, kama angekuwa hai.

Injini niliibeba begani siku ile. Niliiweka chini ya kitanda miaka miwili, mke wangu akijigonga kidole kila asubuhi. Tukahama tena, tukahama tena, mwisho nikampa mnunuzi wa vyuma chakavu. Aliiweka kwenye mizani pamoja na fremu ya kitanda. Tunaishi chumba kimoja cha uani kwa dada yake mke wangu, pazia katikati. Ofisi yako haiwezi kupata barua ya nyumba kutoka kwangu, kwa sababu mimi mwenyewe ni mgeni wa mtu.

Ulipokuwa unaandika "nikirudi", kila mwaka, ningekwambia nini? Nikasema nyumba ni kitu chake cha kushikilia, acha ashikilie. Kisha ukaandika kwamba wamekufungulia. Nilishindwa kuliandika. Ndipo nikafikiri: nimwambie jambo lisilowezekana. Springi zimekazwa, klachi imeshika mapema. Nilijua ukifika hapo utaweka barua mezani na kusema, huyu hana injini mbele yake, huyu ananiambia kitu. Ungejua wewe mwenyewe, pole pole, bila mimi kukupiga nalo usoni. Ukanijibu kurasa nzima kuhusu unyevu! Nikazidisha. Nikatoa springi zote. Ukaniletea kutu. Kaka, nilicheka mpaka nikalia. Hakuna fundi aliyewahi kuitetea klachi ambayo haipo kwa hoja nzuri kama zako.

Lililobaki sikulisema hata kwa pembeni. Masikio yamekwenda. La kulia lilitangulia, la kushoto likalifuata. Daktari aliniandikia kwenye karatasi kwa herufi kubwa, maana kuniambia ilikuwa kazi bure. Sikio la kufa halisikii dawa, ndivyo wazee walivyosema, na langu limeitii methali mpaka mwisho. Unaniuliza kama nilisikia "tup". Hata kabati la Mama lingeanguka leo kifuani kwangu, ningeliona tu.

Springi zako ni nzuri. Nimezibana kati ya vidole, moja moja. Zote sita ziko sawa. Hilo naweza kukuthibitishia bado.

Mdogo wako,
aliyekuwa Sikio


Tarehe 6 Septemba

Mdogo wangu,

Nilijua.

Nilijua tangu ile barua yako ya Aprili, kabla sijafika chini ya ukurasa. Hakuna fundi asiyejua. Nilisimama dirishani nikasema kwa sauti, "Hana injini." Kisha nikakaa nikaanza kutafuta sababu, kwa kuwa kama ipo hata sababu moja duniani ya klachi iliyokazwa kushika mapema, basi iko gereji, iko meza, uko wewe umekaa kwenye tairi. Kutu, unyevu, mafuta, ngoma. Niliijenga nyumba yote upya kwa makosa yako. Ulipozitoa springi zote nikajenga na ghorofa.

Kwa hiyo usiseme sikuelewa. Shemeji mwambie nilikuwa nasoma kama fundi, fundi aliyekataa kukiri kwamba kazi imemshinda. Tulikuwa tunawacheka madereva: asiyekubali kushindwa si mshindani. Nimekubali.

Na wewe uliuona mwandiko wangu ukasema ugeni umenituliza. Mwandiko si wangu. Ni wa mwalimu. Tangu baridi ya mwaka juzi mikono yangu inatetemeka, yote miwili, asubuhi zaidi kuliko jioni. Chai nainywa kwa kikombe nusu. Kazini sasa wamenihamisha kutoka kwenye visu, nafagia. Nilikuwa nakuomba unishushie injini nikijua kwamba nikiushika mpini wa bisibisi, skrubu itakwenda robo na kurudi nusu. Nilipanga ugundue ukiniona. Nilijiambia: Sikio atanisahihisha, atainua kidole, nitajaribu tena, tutachukua mwezi mzima kwa kazi ya mchana mmoja, nani anatukimbiza? Mkono mtupu haulambwi, lakini nilidhani wewe ungeuvumilia wangu.

Kumbe tulikuwa tunangojana, kiziwi na mtetemekaji, kwenye meza ambayo haipo. Mwalimu ameacha kuandika kidogo hapa. Nimemwambia aendelee.

Jana nilikwenda ofisini. Nilimweleza yule karani kwamba ndugu yangu anaishi kwenye chumba cha uani, kwamba kitanda kinaweza kupatikana. Alinisikiliza vizuri, simlaumu. Akasema chumba cha mtu mwingine si makao. Nikitoka huku bila makao ya kule, kibali cha huku kinakatika siku hiyo hiyo, na kule wananirudisha mpakani. Nitakuwa mtu wa pale katikati, penye mwavuli wa askari. Kwa umri wangu ni baridi. Akafunga faili. Lilikuwa jembamba kuliko nilivyodhani.

Mwenye nyumba ameshampa mtu mwingine chumba changu. Nimepata kidogo zaidi, upande wa nyuma, dirisha linatazama ukuta, lakini mwalimu yuko karibu, na bomba la joto halivuji. Nimehamisha vitu kwa safari mbili. Bisibisi ile niliyotoka nayo nyumbani mfukoni nimempa mlinzi wa jengo. Kitasa chake kilikuwa kinalegea.

Springi usizitupe, wala usizitoe kwenye karatasi yake ya mafuta kwa muda mrefu, zitashika kutu. Mara mojamoja zibane vidoleni kama ulivyofanya. Ukiona moja imekuwa laini kuliko wenzake, niandikie tu kwamba zote ziko sawa.

Msalimie shemeji. Mwambie alikuwa na haki, tungeoa springi.

Kutia sahihi kumebaki kwangu mwenyewe, ndiyo maana kumepinda. Usinitandikie. Usimwombe mtu barua yoyote. Usihesabu tena miaka yangu, na mimi nimeacha. Sitarudi.

Kaka yako